Twiga watatu kutoka Limpopo hadi Lubumbashi: safari iliyokadiriwa kwa kilomita na kulipiwa kwa saa

Mwenye bustani ya wanyama aliponikabidhi faili ile, karatasi ya kwanza ndani yake ilikuwa makadirio ya ukurasa mmoja kutoka kwa msafirishaji, yenye hesabu ambayo kila mtu aliyezoea barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, angeielewa mara moja: kilomita 1,800, mara bei ya kilomita moja, kisha mafuta na posho ya dereva. Makadirio hayo hayakuwa ya udanganyifu. Yangefaa kabisa kwa saruji, kwa unga wa mahindi au kwa vipuri vya mgodi. Mzigo wetu, hata hivyo, ulikuwa twiga watatu wachanga, na siku tuliyofunga faili gharama halisi ya usafiri ilikuwa imeizidi sana jumla ile, ingawa umbali haukuongezeka hata kwa kilomita moja.

Naandika kisa hiki nikiwa deklara, yaani mtu wa makaratasi ya forodha hapa Lubumbashi, si daktari wa wanyama wala mfugaji. Wahusika siwataji kwa majina, kwa kuwa makosa mengine yalikuwa yao na mengine, kama itakavyoonekana, yalikuwa ya ofisi yangu mwenyewe.

Twiga walinunuliwa katika shamba la wanyamapori katika jimbo la Limpopo, kaskazini mwa Afrika Kusini, ambako wanyama wa aina hiyo huzalishwa na kuuzwa kihalali, hata mnadani. Walikuwa wakipelekwa katika bustani binafsi ya wanyama nje ya mji wetu, upande wa barabara ya Likasi. Baadhi ya watu waliniuliza kwa nini tuvuke nchi tatu kumtafuta mnyama wa Kiafrika tukiwa Afrika. Jibu ni kwamba Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, si nchi ya twiga. Wale wa porini waliobaki Kongo wako katika hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki kabisa, hawafiki 100, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeomba kumtoa hata mmoja.

Mwenye bustani alitaka ndege kwanza. Hoja yake ilikuwa nzuri: saa chache angani badala ya siku kadhaa barabarani, na uwanja wa Luano uko karibu. Ndege ilishindwa kwa sababu mbili, na mojawapo haikuwa fedha. Twiga huzaliwa akiwa na urefu wa karibu mita 1.8, na hawa wetu, wenye umri wa miezi 14 hadi 16, walikuwa na mita 2.9, 3.0 na 3.2. Mlango wa ubavuni wa Boeing 747 ya mizigo, ambayo ni miongoni mwa ndege zenye milango mikubwa zaidi, una kimo cha mita 3.05 hivi, na humo ndimo kizimba chote kinapaswa kupita pamoja na sakafu yake na bamba la chuma linalokibeba. C-130, ndege ambayo watu wa huku huiona kuwa haishindwi na kitu, ina chumba cha mizigo chenye kimo cha mita 2.7. Kwa ndege ingebidi kumchukua ndama ambaye bado ananyonya.

Sababu ya pili inafaa kuelezwa kwa sababu huwashangaza wengi. Shirika la ndege halitozi uzito peke yake. Hulinganisha kilo halisi na ujazo, kwa kanuni ya sentimita za ujazo 6,000 kwa kilo moja, kisha hutoza kile kilicho kikubwa. Kizimba chenye urefu wa mita 2.6, upana wa mita 1.3 na kimo cha mita 2.9 kinahesabiwa kuwa kilo zaidi ya 1,600, hata kama twiga na mbao zake havifiki tani moja. Kwa maneno mengine, mteja hulipia hewa iliyo juu ya mgongo wa mnyama. Hewa hiyo haiwezi kupunguzwa, kwani kanuni za kimataifa za kusafirisha wanyama hai kwa ndege, ambazo CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unazitambua, zinataka mnyama awe na nafasi ya kusimama kwa namna yake ya kawaida.

Tukabaki na barabara: Beitbridge, Harare, Chirundu, Lusaka, Kitwe, Kasumbalesa, Lubumbashi. Mipaka ni mitatu: Beitbridge wa kuingia Zimbabwe, Chirundu wa kuingia Zambia, na Kasumbalesa wa kuingia Kongo. Swali la urefu, ambalo tulidhani tumeliacha uwanja wa ndege, likatufuata hadi kwenye lori. Katika barabara za Afrika Kusini gari la mizigo na kilicho juu yake havipaswi kuzidi kimo cha mita 4.3. Tela la kawaida lina sakafu iliyoinuka karibu mita 1.4 kutoka ardhini. Ukimsimamisha juu yake twiga wa mita 3.2, tayari umefika mita 4.6. Hilo si jambo la karatasi tu. Mwaka 2014, kwenye barabara kuu ya N1 karibu na Pretoria, twiga wawili walikuwa wakisafirishwa katika lori lililo wazi juu, na mmoja wao akagonga kichwa kwenye daraja akafa. Kwa hiyo ilitubidi kukodi tela la sakafu ya chini, ya sentimita 90, ambalo lilimpa twiga mrefu zaidi jumla ya mita 4.1 akiwa ameinua shingo yote.

Hapa ndipo makadirio ya kilomita yalipoanza kupasuka. Bei ya kilomita ambayo msafirishaji aliiandika ni bei ya lori linalokuja Katanga na bidhaa na kurudi kusini na mukuba, yaani shaba. Kila safari inalipiwa na wenye mizigo wawili, na ndiyo maana bei yake huvumilika. Tela letu lilikuwa limefungwa vizimba vitatu vilivyopigiliwa kwa vipimo, mali ya mfugaji, navyo vilipaswa kurudi. Halikuweza kupakia tani 30 za mabamba ya shaba wala kitu kingine chochote, hivyo likarudi Limpopo tupu, kwa fedha zetu. Twiga watatu kwa pamoja hawakufika tani mbili. Msomaji anayejua bei ya kusafirisha tani moja ya shaba hadi Durban anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe, ila asiifanye mbele ya mwenye bustani.

Sasa nije kwenye saa, maana hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Twiga hawakupigwa sindano ya usingizi ili waingie garini. Etofini, dawa ambayo hutumiwa kuwaangusha wanyama wakubwa, ni hatari zaidi kwa twiga kuliko kwa wengi wao: shinikizo lake la damu ni karibu mara mbili ya letu, shingo yake haipaswi kukunjika akianguka, na akiwa mcheuaji anaweza kupaliwa na chakula kinachopanda kutoka tumboni. Mfugaji aliwazoesha kula ndani ya vizimba kwa majuma kadhaa, na siku ya kuondoka waliingia kwa miguu yao wakifuata majani ya mgunga. Ni njia ambayo wenzetu wakubwa huitumia pia. Vifaru weusi watano waliotoka katika bustani za Ulaya kwenda Akagera, Rwanda, Juni 2019, walikusanywa kwanza Dvůr Králové huko Ucheki tangu mwaka uliotangulia, wakazoezwa vizimba vyao kwa miezi kabla ya kusafirishwa kilomita 6,000. Mmoja wao aliitwa Jasiri, jina lisilohitaji mkalimani. Majuma hayo ya mazoezi yalikuwa na bili yake, ya malisho na ya ujira wa mchungaji, na mwenye bustani aliilalamikia sana. Kwa maoni yangu ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika faili ile.

Walipokwisha kuingia, daktari aliwachoma zuklopentiksoli, dawa ya kutuliza ambayo sindano moja hufanya kazi kwa siku 3 hivi. Mnyama habaki amelala; husimama, hula kidogo, na mambo yanayomzunguka hayamshtui sana. Kwa hiyo tangu dakika ile tulikuwa na saa 72 za utulivu wa kununua. Kila mpango wa safari ulipaswa kuanzia hapo. Mwendo wa lori lenye mzigo hai, wastani wa kilomita 50 kwa saa, ungehitaji saa 36 za kuendesha. Kwenye karatasi tulikuwa na saa 36 nyingine za akiba, na sote tuliona kwamba hiyo ni akiba kubwa.

Safari ilichukua saa 79. Saa 36 tuliendesha, kama ilivyopangwa. Saa 3 zilikwenda kwenye vituo vya kunywesha maji na kukagua miguu. Beitbridge ilichukua saa 8, Chirundu saa 4, na hii ya pili ni afadhali, kwa kuwa pale nchi mbili hukagua mahali pamoja tangu mwaka 2009. Saa 9 lori lililala karibu na Kabwe kwa sababu dereva alikuwa mmoja. Saa 19 zilizobaki zilikuwa za Kasumbalesa.

Saa 9 za Kabwe zina historia fupi. Nilikuwa nimependekeza madereva wawili wanaopokezana. Mwenye bustani aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini nimlipe wa pili ikiwa wa kwanza anaijua njia?" Nilimjibu, "Papa, wa pili halipwi kwa kuijua njia, analipwa ili gari lisilale." Nikamtolea mfano wa tembo watatu, Toka, Thika na Iringa, waliohamishwa Oktoba 2013 kutoka bustani ya wanyama ya Toronto, Kanada, hadi hifadhi moja ya California kwa malori, zaidi ya kilomita 4,000, kwa muda wa siku 3 hivi bila kuteremshwa. Ukigawanya kilomita zile kwa saa zile unaona wazi kwamba msafara haukuwa na muda wa kulala. Mzee alifurahia majina ya tembo, hasa Iringa, akasimulia juu ya shemeji yake aliyewahi kuishi Tanzania, na dereva wa pili hakulipwa.

Saa 19 za Kasumbalesa ni zangu. Twiga wamo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES tangu 2019, hivyo hawavuki mpaka bila kibali cha kutoka, ambacho hudumu miezi 6 tu. Juu ya hicho kuna kibali cha kuingia cha upande wetu, cheti cha afya cha daktari wa serikali, matokeo ya vipimo vya damu, na ruhusa za kupita Zimbabwe na Zambia. Kila twiga alikuwa na chipu ndogo chini ya ngozi yenye namba ya tarakimu 15, na namba hiyo lazima ionekane ile ile katika kila karatasi. Katika fomu moja iliyoandaliwa ofisini kwetu, tarakimu mbili za twiga wa kati zilibadilishana nafasi: mahali penye 47 paliandikwa 74. Beitbridge haikuonekana. Chirundu haikuonekana. Ofisa wa karantini upande wetu, kijana makini aliyekuwa akisoma kwa kidole, aliiona, na alifanya kazi yake sawasawa kwa kukataa kuendelea. Ilikuwa saa kumi jioni ya Ijumaa.

Mtu asiyeijua Kasumbalesa afikirie foleni ya malori ambayo mwisho wake hauonekani, mengi yakitoka na mukuba, mengine yakiingia na asidi, chokaa, mashine na vyakula. Sisi tulikuwa katikati. Kulipoingia giza twiga waliinua vichwa juu ya turubai, na taa za magari zilipopita zilimulika shingo tatu zikigeuka kwa pamoja upande mmoja, kisha upande mwingine. Vijana wanaouza maji ya mifuko na mayai ya kuchemsha waliacha biashara wakaja kutazama. Kila lori lililotoa breki ya upepo lilifuatiwa na mlio wa kwato kwenye mbao, mara moja, kama mtu anayebisha hodi asiye na haraka. Dereva wetu alinijia na kuniambia kwa Kiswahili cha kwetu: "Papa, mukuba inangojaka, nyama haingojake," yaani shaba hungoja, mnyama hangoji. Hakuna aliyewahi kunieleza kazi yangu mwenyewe kwa ufupi kiasi hicho.

Gharama za usiku ule hazikuwa katika makadirio hata kwa mstari mmoja. Daktari aliyefuatana nasi alilipwa kwa siku, na siku yake mpya ilianza usiku wa manane. Lori lililipiwa kusubiri. Malisho tuliyotoka nayo kusini yalikuwa yamekataliwa kwa kukosa cheti cha afya ya mimea, jambo ambalo ni la haki kabisa, kwa kuwa nyasi kavu zinaweza kubeba kupe na mbegu za magugu. Ikabidi tununue majani mabichi kwa watu wa pale kwa bei waliyoitaka, na bei huwa kubwa mteja akiwa na twiga watatu wenye njaa nyuma yake. Cheti kilichosahihishwa kilifika kesho yake kabla ya saa sita mchana, baada ya simu nyingi na ada ya kukitoa upya. Kufikia hapo saa 72 za dawa zilikuwa zimekwisha kupita. Daktari alikataa kuongeza sindano, akisema mnyama aliyechoka na kukosa maji ya kutosha hapaswi kuongezewa dawa. Aliagiza kuta za vizimba zifunikwe kwa magunia ili wasione nje, na tuondoke.

Nilipomlinganishia mwenye bustani, hakupenda, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa na bahati. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huu kwa siku chache kutokana na mzozo wa biashara na nchi yetu. Lori la soda lililokwama siku zile lilipoteza fedha. Lori la twiga lingepoteza twiga. Bima yetu ya kifo, ambayo nilikuwa nimeisoma haraka kama watu wengi wanavyosoma bima, ilikuwa na kifungu kilichoondoa vifo vinavyotokana na kucheleweshwa kwenye mipaka, yaani tulikuwa tumelipia ulinzi dhidi ya kila kitu isipokuwa jambo lililokuwa na uwezekano mkubwa wa kutokea.

Sehemu ya mwisho ilikuwa kuuvuka mji.  Nyaya kubwa za umeme ziko juu vya kutosha. Shida ni zile zinazovutwa na wakazi wenyewe kutoka nguzo hadi nyumba, zinazolegea kila mwaka hadi mtu mrefu anaweza kuzigusa kwa fimbo. Tulikodi vijana wawili wenye miti mikavu yenye panda kwenye ncha, wakatangulia mbele ya lori kwa miguu, wakiinua waya mmoja, wakingoja shingo tatu zipite, wakiushusha taratibu, kisha wakikimbia kuuwahi unaofuata. Sehemu moja ya mita 400 hivi ilituchukua dakika 50. Malipo yao yalikuwa madogo kuliko kitu chochote katika faili, na sikupata risiti.

Ukiigawa bili yote ya usafiri, bila bei ya twiga wenyewe, katika kila dola 100 tuliyolipa, dola 40 hivi zilikwenda kwenye lori, na karibu nusu ya hizo ilikuwa ya kurudi tupu. Daktari, dawa, vipimo na siku za karantini vilichukua robo. Vibali, mawakala wa mipaka mitatu na ushuru vilikaribia dola 15, na bima haikufika 10. Kilichobaki chote kililipia kusimama: maegesho, siku za ziada, majani ya Kasumbalesa, cheti kilichoandikwa upya. Mafuta ya kwenda, yale ambayo msafirishaji aliyaweka mstari wa pili wa makadirio yake kana kwamba ndiyo roho ya safari, hayakuwa hata sehemu ya nne kwa ukubwa. Kama ningeandika makadirio yale leo, ningeanza na idadi ya saa kati ya kufunga mlango wa kizimba na kuufungua, kisha ningeuliza kila saa inamlipa nani.

Wengine hupita mlango mwingine kabisa. Vifaru weupe 16 waliopelekwa Garamba kutoka Afrika Kusini Juni 2023 walikuwa na serikali, shirika la hifadhi na kampuni kubwa ya dhahabu nyuma yao, na mwenye wafadhili wa namna hiyo anaweza kuandaliwa mapokezi kabla hajafika. Hata sultani wa Malindi, ambaye twiga wake alifika katika baraza la mfalme wa China mwaka 1415, alitumia merikebu za mwenyewe aliyetaka kumpokea. Mtu binafsi wa Lubumbashi yuko nyuma ya lori la asidi kama kila mtu.

Twiga walishuka wote watatu salama, wa kati akichechemea kidogo mguu wa nyuma kwa siku mbili. Faili halikufungwa siku ile. Vizimba viliingia Kongo kwa utaratibu wa mali inayoingizwa kwa muda, na dhamana ilikuwa imewekwa kwa ajili yake. Wakati wa kutoka, muhuri ulipigwa kwenye karatasi ya tela peke yake, hivyo kwa vitabu vya forodha masanduku matatu matupu yalikuwa bado yamo nchini, na forodha ilizuia dhamana yetu hadi tuthibitishe vinginevyo. Ilichukua miezi 5. Siku niliyopeleka stakabadhi ya mwisho kule bustanini, mchungaji alikuwa akimpima yule mrefu kwenye nguzo yenye alama za chaki, na alikuwa amefika mita 3.5.